Mwamba Hauvunjiki kwa Siku Moja

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu wa elimu ya miamba mbele ya wahitimu wa kisomo, katika kijiji chenye machimbo ya mawe na mashimo ya dhahabu. Tunayachapa kama yalivyosemwa ili vikundi vya kusoma viyajadili.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mawe. Najua wapo watakaosema: "Mawe tunayajua. Tumeyapasua tangu utotoni. Mwalimu atatuambia nini?" Ni kweli, mnayajua. Mama anayegonga kokoto kando ya barabara anajua jiwe lipi litakubali nyundo na lipi litakataa. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha kupasua jiwe. Nimekuja kuwaeleza mambo yanayotokea ndani ya jiwe, mahali ambapo jicho halifiki, kabla jiwe halijapasuka.

Sababu ninayo. Katika mashimo mengi utasikia maneno haya: "Nguzo hii imesimama miaka kumi. Tukiimega kidogo, haitakuwa neno." Hayo ni maneno ya hatari sana. Tena hayasemwi na mjinga. Yanasemwa na mtu mwenye akili zake, ambaye ameona kwa macho yake kwamba nguzo imesimama. Basi leo tutazame pamoja kama macho yanatosha.

Vitu vinavyopinda na vitu visivyopinda

Hebu chukua msumari, uugonge pembeni kwa nyundo. Utapinda. Unaweza kuunyoosha tena ukautumia. Sasa chukua chungu, ukigonge vilevile. Hakipindi. Kinavunjika, basi.

Duniani vitu vya namna hii ni viwili. Viko vinavyopinda kabla ya kukatika, kama chuma laini na waya. Na viko visivyopinda: chungu, kioo, tofali la kuchoma, zege, mfupa mkavu, na mawe mengi. Kitu kinachopinda kinakuonya. Kisichopinda kinaonekana kizima mpaka dakika ya mwisho. Ndiyo maana watu husema, "Mwamba umevunjika ghafla."

Lakini je, ni ghafla kweli? Wataalamu wamelichunguza swali hili kwa zaidi ya miaka 100. Jibu lao ni hili: hapana, si ghafla. Mwamba huanza kuvunjika ndani kwa ndani, kidogo kidogo, kwa nyufa ndogo ndogo. Kile tunachokiita kuvunjika ni mwisho tu wa kazi iliyoanza zamani.

Jiwe ni kama kashata

Ninyi nyote mnaijua kashata ya karanga. Karanga zimeshikamana kwa sukari iliyokauka. Ukiitazama kwa karibu utaona mahali ambapo sukari haikujaa. Kuna vitundu, kuna vijistari vyembamba. Ukiivunja, mara nyingi inaanzia hapo.

Jiwe la matale, lile gumu lenye punje nyeupe, nyeusi na za rangi ya waridi, ni hivyo hivyo. Limejengwa kwa punje za madini mbalimbali zilizoshikamana. Mwamba ule ulipopoa chini ya ardhi zamani sana, punje nyingine zilinywea zaidi ya nyingine. Hapo mipakani mwa punje pakabaki nyufa. Nyingi ni ndogo kuliko unene wa unywele. Huzioni bila hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Lakini zipo katika kila jiwe, hata lile unaloliona zima kabisa.

Tena moto huziongeza. Wazee wetu walijua jambo hili bila hadubini. Waliwasha moto juu ya mwamba, mwamba ukapata joto kali, kisha wakamwaga maji. Mwamba ulipasuka. Baruti nayo huziongeza. Baruti inapolipuka haipasui lile jiwe unalolitaka peke yake. Inaacha nyufa ndani ya ukuta unaobaki nyuma.

Ufa hukusanya nguvu kwenye ncha yake

Mtu atauliza: ufa mdogo kuliko unywele utalidhuru nini jiwe kubwa kama nyumba?

Fikiria kitambaa. Kitambaa kizima ni kigumu kuchana kwa mikono. Lakini fundi cherehani hukikata kidogo pembeni kwa mkasi, halafu anavuta. Kinachanika mpaka mwisho kwa urahisi. Kwa nini? Kwa sababu nguvu yote ya mikono imekusanyika mahali pamoja, kwenye ncha ya ule mkato.

Mwaka 1913 mhandisi wa Uingereza, Charles Inglis, alilipigia hesabu jambo hili. Alifikiria bamba linalovutwa, lenye tundu katikati. Kama tundu ni la mviringo, ukingoni mwake mkazo unakuwa mara 3 ya mkazo wa kawaida. Kama tundu ni jembamba, refu mara 10 ya upana wake, na linakatisha njia ya mvuto, basi kwenye ncha yake mkazo unakuwa mara 21. Mnaona? Bamba ni lile lile, mvuto ni ule ule, lakini penye ncha nguvu ni mara 21. Na ufa ni tundu jembamba kuliko hilo.

Baada yake akaja Mwingereza mwingine, Alan Arnold Griffith. Kazi yake ilikuwa katika utengenezaji wa ndege. Yeye alivuta nyuzi za kioo. Uzi wa unene wa karibu milimita 1 ulikatika upesi. Uzi mwembamba kabisa, usioonekana vizuri kwa macho, ulikuwa na nguvu karibu mara 20 zaidi kwa kila eneo lililo sawa. Ajabu! Kioo ni kile kile. Griffith akaeleza kwamba uzi mwembamba una nyufa chache tena fupi. Uzi mnene una nafasi ya kubeba nyufa ndefu.

Maandishi yake yalitoka mwaka 1921. Ndani yake kuna kanuni ambayo hata sisi tunaweza kuitumia: ufa ukirefuka mara 4, nguvu inayotosha kuuendeleza inapungua ikawa nusu. Maana yake, ufa mfupi unahitaji kusukumwa sana, ufa mrefu unahitaji kuguswa tu. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Griffith ameleta hesabu ya methali hiyo.

Mwamba ulioelemewa

Sasa tuingie chini ya ardhi. Pale mwamba hauvutwi kama uzi. Unagandamizwa. Mzigo wa ardhi yote iliyo juu umeukalia.

Wataalamu hukata kipande cha mwamba, mfano wa mchi mfupi, wakakiweka kwenye mashine ya kugandamiza. Wanaongeza mzigo polepole huku wakipima. Wameona hatua nne.

Hatua ya kwanza, zile nyufa za zamani zinafungika. Jiwe linabanana.

Hatua ya pili, jiwe linakaa kimya. Linabeba mzigo bila shida.

Hatua ya tatu, nyufa mpya zinaanza. Katika matale zinaanza mzigo ukifika kiasi cha asilimia 40 hivi ya ule utakaolivunja. Yaani hata nusu ya nguvu zake bado, jiwe limeanza kuumia ndani. Ukilitazama kwa nje ni zima.

Hatua ya nne, nyufa zinakutana. Mbili zinakuwa moja, ndefu. Na ufa mrefu, kama tulivyosikia, unahitaji kuguswa tu. Hapo jiwe linavunjika.

Kuna jambo moja la kushangaza hapa. Jiwe likigandamizwa kutoka juu, nyufa zake mpya hazilali. Zinasimama wima. Ufa wa zamani uliolala upande unateleza kidogo, na huko kuteleza kunafanya kazi ya kabari. Mnajua kabari inavyofungua gogo. Basi ncha za ule ufa zinafunguka, zinaota kama mabawa mawili kufuata njia ya mzigo. Ndiyo sababu nguzo iliyoelemewa humenyeka pembeni, ganda kwa ganda, kama kitunguu. Ukiona hivyo, usidhani ni uchafu unaodondoka. Ni nguzo inapungua.

Tena jiwe huvimba kabla ya kuvunjika. Mwaka 1966 wataalamu watatu wa Marekani, Brace, Paulding na Scholz, walitangaza kwamba walilipima jambo hili. Nyufa zinapofunguka zinachukua nafasi, kwa hiyo jiwe linanenepa. Na jiwe hutoa sauti. Kila ufa unaofunguka unalia tik, nyingi kwa sauti ndogo ambayo sikio halisikii bila chombo. Wamarekani Obert na Duvall walizisikiliza sauti hizo migodini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940. Waliona kwamba mwamba ukielemewa zaidi, milio inaongezeka.

Hesabu ya waliobaki

Haya, sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Naomba mshike kalamu zenu.

Watu kumi wamebeba gogo zito. Mmoja anachoka, anatoka. Je, gogo limekuwa jepesi? Hapana. Mzigo wake umehamia kwa wale tisa. Akitoka wa pili, wanane wanabeba. Mzigo haupotei. Mzigo huhamia kwa waliobaki.

Mtaalamu wa Urusi, Lazar Kachanov, aliandika hesabu ya namna hiyo mwaka 1958. Alikuwa akichunguza vyuma vinavyokaa muda mrefu kwenye mzigo na moto. Baadaye watu wengi wameitumia kwa mawe na zege. Sisi tuifanye kwa njia rahisi.

Tuseme jiwe letu ndani yake lina vipande 100, na linabeba kilo 100.

Vipande vyote vikiwa vizima, kila kimoja kinabeba kilo 1.

Vipande 20 vikikatika, vinabaki 80. Kila kimoja kinabeba kilo moja na robo.

Vikikatika 50, vinabaki 50. Kila kimoja kinabeba kilo 2.

Vikikatika 75, vinabaki 25. Kila kimoja kinabeba kilo 4.

Vikikatika 90, vinabaki 10. Kila kimoja kinabeba kilo 10.

Angalieni vizuri. Vipande 20 vya kwanza vilipokatika, waliobaki waliongezewa robo kilo tu. Hakuna aliyeona tofauti. Lakini kutoka 75 kwenda 90, yaani vipande 15 tu, kila aliyebaki ameongezewa kilo 6! Mwanzo ni polepole sana, mwisho ni haraka sana. Anayetazama kwa nje anaona miaka ya utulivu, halafu siku moja ya maafa. Hesabu inaona safari moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo, ndugu zangu, "imesimama miaka kumi" si ushahidi kwamba ni imara. Huenda ni nguzo ya vipande 100, huenda ni ya vipande 25. Zote mbili zimesimama.

Kashata ndani ya kompyuta

Leo hesabu hizi hufanywa kwa kompyuta. Mtaalamu anajenga mwamba wa kuigiza. Anaweka maelfu ya punje za mviringo, anazigundisha pamoja, kama karanga na sukari. Kila gundi inapewa nguvu yake: nyingine imara, nyingine dhaifu, kama ilivyo katika jiwe la kweli. Kisha anaongeza mzigo. Gundi ikizidiwa inakatika, na mzigo wake unahamia kwa jirani. Peter Cundall alianza njia ya namna hii mwaka 1971. Mwaka 2004 yeye na David Potyondy walieleza jinsi ya kuzigundisha zifanane na mwamba. Nyufa zinajitokeza zenyewe, zinakutana, na mwamba wa kuigiza unavunjika.

Lakini hesabu lazima ipimwe na mwamba wenyewe. Huko Kanada, katika jimbo la Manitoba, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichimba njia ya majaribio kwenye matale, mita 420 chini ya ardhi. Walichimba bila baruti, ili wasiongeze nyufa kwa mkono wao. Walitaka kujua kama takataka za nyuklia zinaweza kufichwa mahali kama hapo. Pamoja na uangalifu wote huo, mwamba ulimeguka kwenye dari na sakafu. Tena ulimeguka kwa mkazo wa karibu nusu ya ule uliovunja vipande vidogo vya mwamba huo huo maabarani.

Fundisho ni nini? Kipande kidogo kilichojaribiwa mezani si mwamba mzima. Jiwe unalolishika mkononi linaweza kuwa gumu kabisa. Ukuta ulikotoka ukawa dhaifu.

Mgodi wa Coalbrook

Sasa niwasimulie habari ya huzuni. Ni habari ya kweli.

Coalbrook ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe huko Afrika Kusini, katika jimbo la Free State. Makaa yalichimbwa zaidi ya mita 100 chini ya ardhi. Njia yao ya kuchimba ilikuwa ya vyumba na nguzo. Unachimba vyumba, unaacha nguzo za makaa zishike dari. Makaa ya nguzo ni mali, lakini ni mali iliyo kazini.

Katika sehemu za mgodi huo, makaa ya juu darini nayo yalichukuliwa. Kwa hiyo nguzo zikawa ndefu zaidi kuliko mwanzo. Na nguzo ndefu nyembamba ni dhaifu kuliko fupi nene, kama mnavyojua kwa nguzo za nyumba.

Tarehe 28 Desemba 1959 sehemu ya mgodi iliporomoka. Kazi ikaendelea. Siku 24 baadaye, tarehe 21 Januari 1960, nguzo moja ilizidiwa, mzigo ukahamia kwa jirani, jirani akazidiwa, na jirani wa jirani. Mamia ya nguzo yakaanguka. Watu zaidi ya 430 walifukiwa. Wengi wao walikuwa vibarua waliotoka mbali, Lesotho na Msumbiji, kutafuta riziki za watoto wao. Waokoaji walitoboa mashimo kutoka juu, hawakusikia mtu. Miili yao haikutolewa, iko huko mpaka leo.

Mnaona kwamba ni hesabu ile ile? Ndani ya jiwe, kipande kikikatika mzigo unahamia kwa kipande jirani. Ndani ya mgodi, nguzo ikifa mzigo unahamia kwa nguzo jirani. Jambo ni moja, ukubwa ndio tofauti.

Baada ya msiba huo ndipo utafiti mkubwa ulipofanywa. Mwaka 1967 Miklós Salamon na Munro walitoa kanuni yao. Hawakukaa mezani tu. Walikusanya habari za sehemu 125 za migodi ya makaa ya nchi hiyo: 98 zilizosimama na 27 zilizoporomoka. Wakalinganisha nguvu ya nguzo na mzigo wake. Wakashauri kwamba nguzo iwe na nguvu mara 1.6 ya mzigo wake. Hiyo ya ziada ni kwa ajili ya nyufa zisizoonekana. Inasikitisha kwamba hesabu ilikuja baada ya makaburi.

Tupige hesabu ya nguzo yetu

Tuchukue mfano. Mwamba wa mita moja upana, mita moja urefu, na mita moja kwenda juu una uzito wa tani mbili na nusu hivi. Kwa kina cha mita 100, kila mita ya mraba imebeba tani 250. Sasa chimba vyumba, ubakize robo tu kuwa nguzo. Kila mita ya mraba ya nguzo inabeba tani 1,000. Mzigo haukupotea, umehamia.

Sasa tuseme nguzo ni ya mraba, upana wake mita 4 kila upande. Eneo lake ni mita za mraba 16. Vijana wanakuja, wanasema, "Tumege nusu mita kila upande." Upana unabaki mita 3. Inaonekana ni robo tu iliyotoka. Lakini eneo sasa ni mita za mraba 9, badala ya 16! Karibu nusu imeondoka. Kila mita iliyobaki inabeba karibu mara moja na robo tatu ya mzigo wa zamani. Na nguzo iliyokondeana ina nguvu ndogo zaidi kwa kila mita. Kwa kanuni ya Salamon, usalama wa nguzo hiyo umeshuka ukawa nusu. Ilikuwa na 1.6, sasa ina 0.8. Chini ya 1 maana yake mzigo umeshinda nguzo.

Kanuni ile ilitengenezwa kwa makaa ya Afrika Kusini. Mwamba wa dhahabu si makaa, na namba zake ni nyingine. Lakini ile hesabu ya 16 na 9 haibadiliki kwa mwamba wowote.

Je, ikianguka, itaanguka lini? Hapo lazima niseme kweli. Hesabu haiwezi kukutajia siku wala saa. Hakuna mtu anayeziona nyufa zote za ndani. Tena maji yanaingilia. Maji yakifika kwenye ncha ya ufa hudhoofisha kile kinachoshikilia punje, na ufa unaendelea kutambaa hata kama mzigo haukuongezwa. Kwa hiyo nguzo iliyomegwa inaweza kusimama wiki, mwezi, hata miaka. Aliyeimega anaweza kuwa ameshahama. Ikawaangukia wengine, ambao hawakujua lolote.

Basi tufanye nini?

Kwanza, gonga usikilize. Akina mama wakinunua chungu hukigonga. Kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti iliyokufa kina ufa. Dari na ukuta wa shimo ni hivyo hivyo. Gonga kwa mtaimbo kila asubuhi kabla ya kazi, ukisimama mahali palipo salama. Mlio mkali ni dalili njema. Mlio mzito kama wa ngoma maana yake jiwe limeachana na ukuta. Liangusheni kwa mtaimbo mrefu kabla halijajiangusha lenyewe. Lakini hata mlio mzuri hauapi. Unakuambia habari za karibu na uso tu.

Pili, uwekeeni ufa alama. Pakeni saruji kidogo juu ya ufa, kama plasta, muandike tarehe. Ninyi sasa mnajua kuandika, hii ni kazi yenu. Saruji ikikatika, ufa unatembea. Tokeni, watu wasirudi mpaka mkaguzi wa migodi aje.

Tatu, shikeni dalili. Vipande vinavyoruka vyenyewe, vumbi jipya chini ya nguzo, milio ya tik tik inayoongezeka, ukuta unaomenyeka, matimba yanayolia au kupinda. Mojawapo ikitokea, usingoje ya pili. Zana zitanunuliwa nyingine.

Nne, ogopeni siku za baada ya mvua na baada ya baruti. Siku hizo nyufa zina kazi.

Tano, kwenye machimbo ya mawe msichimbe chini ya ukuta mkauacha unaning'inia kama paa. Anzeni juu, mkishuka kwa ngazi.

Sita, nguzo isimegwe. Hili kikundi kiliandike katika kitabu cha makubaliano, na kila mtu atie sahihi. Najua ni gumu. Pengine dhahabu nzuri iko ndani ya nguzo yenyewe, na nyumbani watoto wanasubiri ada. Sisemi kwamba shida hiyo ni ndogo. Nasema nguzo nayo ni kibarua. Inabeba mzigo usiku na mchana ili ninyi mpate kupita. Ukiimega, hukupunguza mzigo hata kilo moja. Umewatwika waliobaki, na waliobaki ni pamoja na wewe uliye chini yake.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini jiwe linaonekana zima wakati limeanza kuumia ndani?

2. Watu 12 wamebeba gogo la kilo 240. Kila mmoja anabeba kilo ngapi? Wakitoka 4, kila aliyebaki anabeba kilo ngapi? Wakibaki 3 je?

3. Nguzo ya mraba yenye upana wa mita 6 imemegwa ikawa mita 4. Eneo lake lilikuwa mita za mraba ngapi, na sasa ni ngapi?

4. Katika machimbo yenu, nani ana kazi ya kugonga dari kila asubuhi? Kama hakuna, mtamchagua nani, na lini?